Nyumba Nayo Ni Mwalimu



Mama mmoja Mwingereza, jina lake Fanny Kemble, aliolewa na tajiri wa Marekani, Bwana Pierce Butler. Ukoo wa bwana huyu ulikuwa na mashamba makubwa ya mpunga na ya pamba katika jimbo la Georgia, na mamia ya watumwa waliolima mashamba hayo. Mwisho wa mwaka 1838 bwana alimpeleka mkewe kukaa huko miezi michache, pamoja na watoto wao wawili wa kike. Mkubwa, Sarah, alikuwa na miaka mitatu; mdogo, Frances, alikuwa angali mchanga.

Siku moja mama alikuwa akimtazama Sarah nje ya nyumba. Mtoto alitamka neno tu juu ya bembea. Dakika tano hazijapita, mnyapara wa watumwa alikuwa amekwisha kuifunga bembea, na watoto wa watumwa kama kumi na wawili wamesimama tayari kumsukuma bibi wao mdogo. Kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza kumpendeza.

Wengine wangalicheka na kusema: «Tazameni mtoto anavyopendwa!» Mama yule hakucheka. Aliingiwa na hofu, akaandika habari hiyo katika daftari yake, ambayo baadaye, mwaka 1863, ilipigwa chapa ikawa kitabu. Aliona kwamba kukaa mahali pale hakutamfaa mtoto wake hata kidogo.

Kwa nini aogope? Sarah hakupigwa, hakutukanwa, hakulala na njaa. Alikuwa na nguo nzuri, chakula kizuri, mama mwenye elimu. Walakini mama alitambua kwamba siku ile mtoto wake alikuwa amepata fundisho, na wala si yeye mama aliyelitoa. Nyumba yenyewe ilikuwa imemfundisha. Ilimwambia: «Wewe ni wa kuagiza, hawa ni wa kutii. Hata ungali na miaka mitatu, mtu mzima atakimbia kwa neno lako.»

Basi leo nataka tufikiri pamoja juu ya swali hili: Mtoto anayelelewa katika nyumba iliyojengwa juu ya jasho la watu wengine bila haki, je, aweza kupata malezi mema? Walimu wazuri na vitabu vizuri vyaweza kuponya yale ambayo nyumba inayaharibu?

Lakini jambo moja tuliseme wazi tangu mwanzo. Katika nchi ile, aliyeumizwa kuliko wote alikuwa mtoto wa mtumwa. Yeye aliweza kuuzwa kama mbuzi, kutengwa na mamaye, kupigwa mbele ya watu. Jeraha la mtoto wa bwana halilingani na jeraha lake. Nikisema juu ya mtoto wa bwana, sitaki tumwonee huruma kupita mwenzake. Nataka tuone jinsi uovu unavyorithiwa: unavyotoka kwa baba na kumwingia mtoto bila kelele, pamoja na maziwa na michezo.

*

Mwaka 1860, kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekani ilikuwa na watumwa karibu milioni 4, na karibu wote walikuwa katika majimbo ya kusini. Pamba yao peke yake ilizidi nusu ya thamani ya mali yote iliyouzwa na Marekani katika nchi za ng’ambo. Wazungu wengi wa kusini hawakuwa na mtumwa hata mmoja. Wale walioitwa wenye mashamba makubwa, yaani wenye watumwa 20 au zaidi, walikuwa watu kama 46,000 tu. Wachache hao ndio waliokuwa na mali, na ndio waliotawala mabaraza na mahakama.

Watoto wao waliishije? Mara nyingi mtoto alipozaliwa alitiwa mikononi mwa mwanamke mtumwa. Wengine walinyonyeshwa naye, huku mtoto wake mwenyewe akingoja zamu. Huyo mama ndiye aliyewaogesha, aliyewabembeleza, aliyewafundisha maneno ya kwanza. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa Rais wa tatu wa Marekani, alizaliwa mwaka 1743 katika nyumba ya namna hiyo huko Virginia. Jamaa zake walisimulia kwamba kumbukumbu lake la kwanza kabisa duniani lilikuwa hili: kubebwa juu ya mto laini na mtumwa aliyepanda farasi, katika safari ya ukoo wao. Tafakari, msomaji. Jambo la kwanza ambalo roho ya mtoto ilishika ni kwamba mtu mwingine anambeba.

Mashamba yalikuwa mbali na miji, na shule za watu wote zilikuwa chache. Kwa hiyo tajiri alimleta mwalimu akae nyumbani. Mara nyingi huyo alikuwa kijana kutoka majimbo ya kaskazini, au Ulaya. Alipewa chumba, chakula na mshahara, akawafundisha watoto wa bwana, labda na wa jirani, kusoma, kuandika na kuhesabu. Baadaye wavulana walianza Kilatini na Kigiriki, wakapelekwa katika shule ya kulala, kisha katika chuo kikuu: chuo cha William and Mary huko Virginia, chuo cha South Carolina kilichofunguliwa mwaka 1805, ama Yale, Harvard na Princeton upande wa kaskazini. Wasichana walifundishwa Kifaransa, kinanda, kuchora, kushona na kucheza dansi kwa adabu, ili wapate kuwa wake wa mabwana wengine. Wachache walipata zaidi. Huko Macon, katika Georgia, palianzishwa mwaka 1836 chuo cha wasichana chenye ruhusa ya kuwapa digrii, jambo lililokuwa geni kabisa siku zile.

Hivi tusiseme kwamba watoto hawa walikosa elimu. La, walikuwa nayo tele. Walisoma habari za Waroma na Wagiriki, walijua mashairi, walijua kumwamkia mgeni kwa heshima na kumfungulia mwanamke mlango. Wengi walisali asubuhi na jioni pamoja na wazazi wao. Ukiingia katika nyumba ile na kuwaona mezani, ungalisema: «Hawa wamelelewa vema!»

Lakini geuka umtazame yule mtoto aliyesimama nyuma ya kiti, akipunga nzi kwa unyoya wa tausi. Yeye ni nani?

*

Huyo ndiye mwenzao wa kucheza. Katika miaka ya utoto, mtoto wa bwana na mtoto wa mtumwa walicheza pamoja, walivua samaki pamoja, walipanda miti pamoja. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa katika Maryland kama mwaka 1818, amesimulia juu ya Daniel, mwana wa mwisho wa Kanali Edward Lloyd, tajiri mkubwa wa mahali pale. Daniel alimpenda Frederick, alimkinga na wavulana wakubwa, aligawana naye vitumbua vyake. Ulikuwa urafiki kweli.

Lakini urafiki huo ulikuwa na siku yake ya mwisho. Walipofika miaka 10 au 12, njia zilitengana. Mmoja alikwenda kwenye kitabu, mwenzake alikwenda kwenye jembe. Jana waliitana kwa majina. Leo mmoja amwita mwenziwe «bwana». Pengine mtoto wa mtumwa alimchukulia bwana wake mdogo vitabu mpaka mlango wa darasa, akavikabidhi, akabaki nje. Pengine alitolewa kama zawadi: binti wa tajiri anapoolewa, baba humpa msichana mtumwa, yule yule aliyecheza naye alipokuwa mdogo.

Wala si desturi tu iliyomzuia mtoto yule asisome, bali sheria. South Carolina ilikataza kuwafundisha watumwa kuandika tangu mwaka 1740. Na hapa, ndugu zangu wa Kongo, habari inatugusa sisi wenyewe. Sheria ile ilitungwa baada ya uasi uliotokea Septemba 1739 karibu na mto Stono. Wanahistoria wengi wanaona kwamba viongozi wa uasi ule walitoka katika ufalme wa Kongo, na kwamba wengine wao walikuwa Wakatoliki tangu kwao. Walioogopwa walikuwa ndugu zetu, na waliofungiwa kitabu walikuwa watoto wao. Baadaye majimbo mengine yalifuata: Georgia mwaka 1829, North Carolina mwaka 1830, Virginia mwaka 1831, Alabama mwaka 1832.

Basi mtoto wa bwana alipofungua kitabu chake, hakujifunza kusoma tu. Alijifunza kwamba kusoma ni mali yake yeye, na kwamba rafiki yake akisoma ni kosa. Ni mwalimu gani, hata awe mtakatifu, angaliweza kumfundisha mtoto huyo neno «jirani» likamwingia moyoni?

*

Wenye mashamba wenyewe walilijua jambo hili. Jefferson, niliyemtaja, aliandika kitabu juu ya nchi yake ya Virginia, kikapigwa chapa Paris mwaka 1785. Ndani yake alikiri kwamba utumwa unawaharibu watoto wa mabwana. Alieleza kwamba mtoto humtazama baba yake anapomkasirikia mtumwa, hushika uso wake na sauti yake, kisha huenda kuyatenda yale yale kwa watumwa wadogo. Hivyo, alisema, mtoto hulelewa kila siku katika udhalimu, na ni lazima awe mtu wa ajabu asiyeharibiwa nao.

Maneno ya kweli kabisa! Na aliyeyaandika alifanya nini? Katika maisha yake yote alimiliki watu zaidi ya 600. Aliwapa uhuru wachache tu. Alipokufa mwaka 1826 aliacha madeni makubwa, na mwaka 1827 watu wapatao 130 wa nyumbani kwake walitangazwa mnadani.

Lakini kabla ya kufa aliona mavuno. Alikuwa amekianzisha Chuo Kikuu cha Virginia, kilichofunguliwa mwaka 1825, akitumaini kwamba vijana wa nchi yake watajitawala wenyewe kwa akili na heshima. Vijana waliofika walikuwa hasa wana wa matajiri wa kusini. Miezi michache haijapita, mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, walifanya ghasia usiku, wamefunika nyuso, wakawatukana na kuwashambulia waalimu. Mzee Jefferson, mwenye miaka 82, alikuja kusema nao. Alisimama mbele yao, akajaribu kusema, akashindwa: uchungu ulimziba koo. Na wenye kosa walipojitokeza, mmoja wao alikuwa wa ukoo wake mwenyewe. Mwaka 1840, katika chuo kile kile, mwanafunzi aliyefunika uso alimpiga risasi mwalimu wake, naye akafa.

Wahenga walisema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Vijana wale tangu bembea ya kwanza hawakuwahi kuambiwa «hapana» na mtu aliyewabeba, aliyewapikia, aliyewavika. Je, yafaa tushangae kwamba walipomkuta mwalimu anayewaambia «hapana», walimtukana? Aliyezoea kuamuru hajui kutii. Na asiyejua kutii, hata nafsi yake haimtii. Hasira yake humtawala, tamaa yake humtawala. Kumbe, bwana wa watu mia anaweza kuwa mtumwa wa vilevi, wa kamari na wa uchafu. Pierce Butler, baba wa Sarah, ndivyo ilivyompata. Kwa kamari na biashara mbaya aliingia katika madeni. Mwezi wa Machi 1859, karibu na mji wa Savannah, watu zaidi ya 400 waliuzwa kwa siku mbili ili alipe.

*

Najua wengine watasema: «Lakini walikuwako mabwana wapole. Watoto wao waliona upole nyumbani. Je, hao nao waliharibika?»

Ni kweli, walikuwako wapole. Tuwasikilize basi wale waliowajua. Douglass alipokuwa na miaka kama minane, alipelekwa mjini Baltimore kumlea mtoto Tommy, mwana wa Hugh Auld na mkewe Sophia. Huyu mama hakuwa amewahi kuwa na mtumwa. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye huruma. Alimtazama mtoto mweusi usoni, akamchekea, akaanza kumfundisha herufi, kama vile angalimfundisha mtoto ye yote. Mumewe alipojua, alimkataza kwa ukali: mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Mama akatii. Na tazama lililofuata. Hakuacha kufundisha tu. Moyo wake wenyewe uligeuka. Akawa mkali kuliko mumewe. Akimkuta Frederick na gazeti, alimnyang’anya kwa hasira.

Douglass mwenyewe alieleza kwamba utumwa ulimdhuru mama yule kama ulivyomdhuru yeye. Upole wa Sophia ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa umesimama mahali ambapo haki haipo, na mahali hapo upole hauna mizizi. Ukitaka kubaki na mtumwa, siku moja itakulazimu kuua huruma yako. Na ukitaka kubaki na huruma yako, siku moja itakulazimu kumwacha mtumwa aende. Wengi walichagua kubaki na mtumwa.

Na Tommy mdogo? Alikua akiyaona hayo yote. Aliona mamaye akifundisha, kisha akamwona akinyang’anya. Bila shaka alijifunza zaidi katika lile la pili kuliko katika daftari zake za shule. Hizo daftari Frederick alizitwaa wenyeji walipotoka, akajizoeza kuandika katika nafasi zilizobaki wazi. Elimu iliyotupwa na mwenye nyumba ilimfungulia mlango mtumwa wa nyumba.

*

Laja sasa swali gumu zaidi. Je, mtoto wa bwana ana kosa? Hakuchagua kuzaliwa mle. Hakununua mtu. Akila mkate wa jasho la wengine, hakujua.

Ndivyo, mtoto mdogo hana dhambi kwa jambo asilolijua. Lakini utoto hauendelei daima. Saa inafika akili inapoamka na mtu anaona. Toka saa ile, lile alilorithi bila kujua analishika kwa kujua, au analiacha. Hapo ndipo ilipo njia panda.

Tuwatazame watoto wawili wa Charleston, katika South Carolina. Sarah Grimké alizaliwa mwaka 1792, na Angelina mdogo wake mwaka 1805. Baba yao alikuwa hakimu mkubwa na mwenye watumwa wengi. Sarah alipenda sana masomo. Kaka yake Thomas alipelekwa Yale. Yeye alipotaka kujifunza Kilatini na sheria alikatazwa, kwa kuwa ni msichana. Labda kwa kunyimwa kitabu yeye mwenyewe, alielewa uchungu wa wengine walionyimwa. Alipewa msichana mtumwa wa kumchana nywele usiku. Sarah, akiwa na umri wa miaka kama 12, alifunga mlango, akaziba tundu la ufunguo, na wote wawili wakalala kifudifudi mbele ya moto, na kitabu cha herufi katikati yao. Walipogunduliwa, msichana yule alinusurika kidogo tu kupigwa.

Sarah hakusahau. Mwaka 1821 aliiacha nyumba ya wazazi na raha zake zote, akahamia Philadelphia. Angelina alimfuata mwaka 1829. Hawakuwa Wakatoliki, lakini dhamiri zao zilikuwa macho. Mwaka 1836 Angelina aliandika barua kwa wanawake Wakristu wa kusini, akiwasihi wakatae utumwa. Barua ilipofika Charleston, mji wake wa kuzaliwa, ilichomwa moto. Hakuweza tena kurudi kwa mamaye.

Wala mtihani wao haukuishia hapo. Utumwa ulipokwisha, mwaka 1868, dada hawa walipata habari kwamba wako vijana weusi wenye jina lao. Walikuwa watoto wa kaka yao Henry, aliyezaa na mwanamke mtumwa, Nancy Weston. Katika nyumba nyingi za mabwana watoto wa namna hiyo walikuwako, na kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Sarah na Angelina walisema. Waliwakubali kuwa watoto wa ndugu yao, wakawasaidia kusoma. Archibald akawa mwanasheria baada ya kusoma Harvard. Francis akawa mchungaji wa Kiprotestanti mwenye sifa. Hivyo ndivyo haki inavyoingia katika nyumba: kwanza kusema ukweli, halafu kumtambua ndugu, halafu kugawana naye.

Na wale watoto wawili wa Butler? Sarah, yule wa bembea, alipokua alishika maoni ya mama yake, na wakati wa vita alikuwa upande wa kaskazini. Frances, mdogo wake, alimfuata baba. Baada ya vita alirudi Georgia kuyaendesha mashamba, na mwaka 1883 alitoa kitabu cha kuitetea njia ya mabwana wa zamani. Tumbo moja, nyumba moja, mioyo miwili. Basi nyumba ni mwalimu mwenye nguvu sana, lakini si Mungu. Haimwondolei mtu hiari yake. Nani asingizie malezi yake milele?

*

Labda msomaji Mkatoliki anafikiri: «Hayo ni ya watu wengine.» Hapana, tuwe wakweli. Katika Maryland na Louisiana matajiri Wakatoliki walikuwa na watumwa kama wengine, na shule zetu zililea watoto wao. Masista wa Moyo Mtakatifu walifungua shule ya wasichana huko Grand Coteau, katika Louisiana, mwaka 1821. Nao walikuwa na watumwa. Mapadri Wayezuiti wa Maryland, wenye chuo cha Georgetown, mwaka 1838 waliuza watu 272 wapelekwe Louisiana, na sehemu ya fedha ililipa madeni ya chuo. Mkuu wa shirika, huko Roma, alikuwa ameagiza kwamba jamaa zisitengwe na fedha zisilipe madeni. Hayakufuatwa. Mwaka uliofuata, 1839, Baba Mtakatifu Gregori wa 16 alitoa barua ya kulaani biashara ya watumwa. Na wako Wakatoliki wa Marekani waliotafuta njia ya kueleza kwamba barua ile haiwahusu wao. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 2017 ili Wayezuiti na chuo cha Georgetown waombe msamaha mbele ya wajukuu wa wale waliouzwa.

Kwa nini niyaseme haya? Kwa sababu elimu ya dini nayo, ikipandwa katika nyumba isiyo na haki, inaweza kutoa majani bila matunda. Mtoto anaweza kuijua katekisimu yote kwa moyo, na asijue kwamba mpishi ni jirani yake.

Lakini Mungu hakosi kushangaza. Huko Georgia palikuwa na mwenye shamba mmoja kutoka Ireland, Michael Morris Healy. Aliishi na Mary Eliza, mtumwa wake, kama mume na mke, wakazaa watoto kumi. Sheria ya jimbo haikumruhusu kumwoa, na watoto wake mwenyewe walihesabiwa watumwa kwa sababu mama yao ni mtumwa. Watoto wa tajiri, na papo hapo watumwa! Baba aliwapeleka kaskazini wakasome, na hawakuweza kurudi nyumbani bila hatari. Wakubwa waliingia katika chuo cha Holy Cross, wakabatizwa. James, aliyekuwa wa kwanza wa darasa lake mwaka 1849, alipewa upadri Paris mwaka 1854, na mwaka 1875 akawa Askofu wa Portland. Patrick akawa Myezuiti, akapata udaktari wake Louvain, Ubelgiji, chuo kile kilichozaa Lovanium yetu mwaka 1954. Kisha, mwaka 1874, alikuwa mkuu wa chuo gani? Wa Georgetown, chuo kile kile kilicholipiwa madeni kwa kuuza watu. Dada zao watatu waliingia utawa. Watu wengi wa siku zile hawakujua, au hawakutaka kujua, kwamba mama yao alikuwa mtumwa. Sisi tulijue, tumtaje mama huyo kwa jina lake: Mary Eliza.

*

Tumalizie nyumbani kwetu, wapenzi wasomaji. Utumwa wa Marekani ulifutwa kwa sheria mwaka 1865. Hakuna kwetu mtu awezaye kulinganisha nyumba yake na mashamba yale, na mimi silinganishi. Lakini swali la yule mama wa bembea halijafutwa. Linaingia katika kila nyumba yenye mtu mdogo anayetumwa.

Yuko mtoto wa ndugu aliyeletwa kutoka kijijini, eti «atasoma mjini». Saa kumi na moja asubuhi yeye ndiye anayechota maji. Watoto wa nyumba wanavaa sare, wanakwenda masomoni. Yeye anabaki na sufuria. Wanakula mezani, yeye anakula jikoni. Kitu kikipotea, anaulizwa yeye kwanza. Na mtoto wetu wa miaka mitano anamwita kwa sauti ile ile aliyoisikia kwa baba: «Wee! Lete maji!» Nasi tunacheka: «Tazameni, amekwisha kuwa bwana mkubwa!»

Tusicheke. Tunalipa karo ghali, tunamnunulia vitabu, tunampeleka mafundisho ya komunyo ya kwanza. Hayo yote ni mema. Lakini mwalimu aliyemtangulia padri na mwalimu wa darasa ni nyumba yenyewe: nani anakaa, nani anasimama, nani anaitwa kwa jina, nani anaitwa kwa kelele, nani ana kitabu, nani ana ufagio tu. Mtoto anasoma kitabu hicho kila siku, wala hahitaji kujua herufi.

Wazazi, ikiwa mnataka kujua kama mnawalea vema watoto wenu, msiwaulize watoto wenu. Mwulizeni yule anayekula wa mwisho.